Ganda Moja la Kiazi

Februari, Liepaja. Tramu ya kwanza imepita
juu ya theluji iliyogeuka tope, rangi ya chai ya jana.
Nimeamka. Hilo naliweka mbele ya yote:
nimeamka, ingawa kitanda kiliniita kwa jina,
Skaidrite, Skaidrite, jilaze kidogo,
na kitanda kinajua kubembeleza.

Huzuni hii haina matanga.
Hakuna aliyefariki, hakuna aliyenikosea.
Iliingia kama unyevu uingiavyo ukutani,
bila hodi, bila kuvua viatu,
ikakalia kiti cha Arvis, mwanangu,
ambaye yu hai, yuko Ayalandi anapanga uyoga visandukuni,
na kila Jumapili hunipigia simu kuuliza kama nimekula.
Ulimi hauna mfupa.
Nimekula, namwambia.

Daktari, kijana mwenye masikio mekundu,
alinipa vidonge, na juu ya vidonge, neno:
tafuta jambo moja dogo kila siku.
Nusura nimcheke.
Mtu anazama, nawe wamtupia kifungo cha shati!

Lakini leo nilikuwa namenya kiazi.
Kisu kilizunguka, ganda likashuka,
likazidi kushuka, jembamba, halikatiki,
nikabana pumzi kama mwizi mlangoni,
likatua kwenye sinki likiwa zima,
limejiviringa kama utepe wa mtoto wa shule.
Nikaliokota. Nikasimama nalo.
Sikufurahi, nisijisingizie.
Ila kwa muda wa kiazi kimoja
sikuwa mahali pengine popote.

Baada ya hapo nikaanza kuchungulia, kwa aibu kidogo,
kama anayetafuta sarafu chini ya kochi la watu.
Soksi zilizolala usiku kucha juu ya bomba la joto.
Gamba la mkate mweusi, lile la pembeni,
ambalo zamani nilimwachia Arvis
na sasa ni langu, lote, na siagi.
Na mzee Valdemars wa ghorofa ya juu
anayejifunza kodiani akiwa na miaka sabini na mmoja:
kila jioni hukosea palepale, noti ya nne,
hutukana, huanza upya.
Nimekuwa nikiingoja noti ile.
Siku atakayoipatia, nadhani nitasikitika.

Jumatano sikupata kitu.
Naandika na hilo.
Nililala na koti mpaka saa tisa mchana,
soksi zilikuwa soksi, mkate ulikuwa mkate,
na hata Valdemars alikuwa kimya.
Kuna siku mkono unaingia mfukoni
unatoka na mfuko wenyewe.

Alhamisi, zamu ya usiku, naosha tramu.
Chini ya kiti cha nyuma, glavu ya mtoto,
nyekundu, moja, imelowa chapachapa.
Niliisuuza, nikaianika juu ya hita ya dereva,
vidole vitano vidogo vikielekea dari
kama anayejua jibu na mwalimu hamwoni.
Nikainua wangu pia.
Karakana ilikuwa tupu, namshukuru Mungu.

Leo Jumapili. Simu.
Umekula, mama?
Nikakohoa. Nikasema: nimemenya kiazi
na ganda halikukatika.
Kimya. Nilisikia mashine za uyoga kwa mbali,
nikajuta, nikajiona mjinga wa mwisho.
Kisha akauliza, taratibu,
kama mtu aliyekuwa akihesabu siku zake mwenyewe:
refu kiasi gani?

Toka vidoleni mpaka kiwikoni, nikasema.

Muongo!

Akacheka, nami nikacheka kicheko chenye kutu,
kama bawaba iliyosahauliwa mafuta.
Halafu akaniambia kuhusu uyoga mmoja
wenye umbo la sikio la daktari wangu,
ingawa daktari wangu hamjui.

Upepo bado unasukuma dirisha.
Kile kiti bado kina mgeni wake.
Kapuni vimebaki viazi sita.